Maisha ya John Mercer Langston, Wakili Aliyeidai Haki Yake

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia habari za Frederick Douglass na Booker T. Washington, watu weusi mashuhuri wa nchi ya Marekani. Lakini yuko mwenzao mmoja aliyejulikana sana katika siku zake, ambaye jina lake huku kwetu hutajwa mara chache. Mtu huyo ni John Mercer Langston. Alikuwa wakili, mwalimu wa sheria na balozi, na katika uzee wake alikuwa mjumbe wa Baraza Kuu la nchi yake, ijapokuwa katika Baraza hilo hakuketi hata nusu mwaka. Twapenda kuisimulia habari yake, maana ndani yake mna swali lifaalo kufikiriwa na kila mtu: je, yafaa kuidai haki hata pale ambapo haki hiyo, itakapopatikana, itakuwa imekwisha kuchelewa?

Kuzaliwa kwake

John alizaliwa tarehe 14 Desemba 1829 katika wilaya ya Louisa, jimbo la Virginia. Baba yake, Ralph Quarles, alikuwa Mzungu mwenye shamba kubwa na watumwa. Mama yake, Lucy Langston, alikuwa mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa kwanza wa Marekani. Hapo zamani alikuwa mtumwa wa Quarles, naye Quarles akamwandikia hati ya uhuru mwaka wa 1806. Walikaa pamoja miaka mingi, wakazaa watoto. Lakini sheria ya Virginia haikumruhusu Mzungu kumwoa mwanamke wa asili ya Kiafrika, kwa hiyo watoto walichukua jina la mama yao. Tena sheria ilisema ya kuwa mtoto hufuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa; mama akiwa huru, mtoto ni huru. Basi John, aliyekuwa kitinda mimba, alizaliwa huru. Sheria ilimnyima jina la baba yake, na papo hapo ikamwepusha na utumwa. Mambo ya namna hiyo yalimfuata maisha yake yote.

Mwaka wa 1834 wazazi wote wawili walifariki. Quarles alikuwa amewaachia wanawe mali kwa wosia, na John alichukuliwa na rafiki ya baba yake, William Gooch, aliyekaa Chillicothe katika jimbo la Ohio, mahali pasipokuwa na utumwa. Gooch na mkewe walimlea kama mtoto wao. Hata John alipokuwa na umri wa karibu miaka kumi, Gooch aliazimu kuhamia Missouri, nchi ya utumwa, na kumchukua kijana pamoja naye. Ndugu yake wa mama mmoja, William Langston, aliona hatari. Huko Missouri nani angeuheshimu uhuru wa mtoto mweusi, na nani angeilinda mali yake? Akaenda mahakamani, na hakimu akaamuru mtoto asiondolewe Ohio. John alisikitika sana kutengwa na watu waliomlea. Lakini alipokuwa mtu mzima alifahamu ya kuwa siku ile sheria ilikuwa imeyaokoa maisha yake.

Kisha alikaa kwa muda katika mji wa Cincinnati. Huko, mwaka wa 1841, alishuhudia jinsi kundi la Wazungu wenye hasira lilivyowashambulia watu weusi na nyumba zao, hata likatumia mzinga. Basi mtoto yule alikwisha kuona mambo mawili kabla hajatimiza miaka kumi na mitatu: mahakama yenye amri, na mji ambao amri haisikiwi.

Masomo yake

Mwaka wa 1844 alipelekwa Oberlin, katika Ohio, kwenye chuo cha Kikristo kilichowapokea wanafunzi weusi tangu mwaka wa 1835, na wanawake pia. Alimaliza masomo yake mwaka wa 1849, kisha akasoma elimu ya dini, akapata shahada ya pili mwaka wa 1852. Wengi walidhani atakuwa mchungaji. Lakini yeye alikwisha kuazimu kuwa wakili, maana aliona ya kuwa watu wake walikuwa na wahubiri wengi wa kuwafariji, ila hawakuwa na mtu wa kusimama mbele ya hakimu kwa ajili yao.

Aliomba kuingia shule ya sheria ya Ballston Spa katika jimbo la New York. Mkuu wa shule alimkataa kwa sababu ya rangi yake. Hata hivyo alimpa shauri: kwa kuwa uso wake haukuwa mweusi sana, ajifanye Mfaransa au Mhispania aliyetoka visiwa vya West Indies au Amerika ya Kusini, naye angeweza kupokewa. Ndugu msomaji, lifikiri jaribu hilo. Kijana alikuwa na akili, alikuwa na fedha ya ada, na mlango ulikuwa wazi nusu. Lililotakiwa ni neno moja la uongo. Langston alikataa. Alisema yeye ni mtu mweusi wa Marekani, wala hatanunua elimu ya haki kwa kuikana asili yake. Akaondoka. Aliomba tena shule ya sheria ya Cincinnati, na huko nako alikataliwa, kwa kuwa, walivyosema, wanafunzi wengine wasingependezwa kukaa naye.

Mwishowe alipata mwalimu katika mji wa Elyria, Ohio, jina lake Philemon Bliss, wakili aliyechukia utumwa. Bliss alimfundisha sheria nyumbani mwake na ofisini mwake. Mwezi wa Septemba 1854 Langston aliletwa mbele ya majaji ili akubaliwe kuwa wakili. Maarifa yake hayakuwa na shaka. Shaka ilikuwa juu ya rangi yake, maana sheria ya Ohio haikumtambua mtu mweusi kuwa raia kamili. Lakini majaji wa jimbo hilo walikwisha kuamua zamani ya kuwa mtu ambaye damu yake imezidi nusu kuwa ya Kizungu ahesabiwe kuwa Mzungu mbele ya sheria. Basi wakamtazama, wakauliza, wakamhesabu kuwa hivyo, wakamwapisha. Kijana aliyekataa kujiita Mfaransa ili apate kusoma, sasa mahakama yenyewe ilimwita Mzungu ili ipate kumpokea! Hakusema uongo hata mmoja. Uongo ulikuwa katika sheria. Hivyo akawa wakili mweusi wa kwanza wa Ohio.

Kazi yake ya uwakili

Mwaka ule ule alimwoa Caroline Wall, aliyesoma Oberlin kama yeye. Wakakaa kwanza shambani Brownhelm, karibu na Oberlin. Huko mwaka wa 1855 wenyeji, ambao walikuwa Wazungu, walimchagua kuwa karani wa tarafa. Alikuwa mmoja wa watu weusi wa kwanza kabisa katika Marekani kuchaguliwa kwa kura za watu. Mwaka uliofuata walihamia Oberlin, na ofisi yake ikajaa watu, weusi kwa weupe.

Siku zile palikuwa na sheria ya mwaka 1850 iliyowalazimisha watu wote kuwarudisha watumwa waliotoroka. Mwezi wa Septemba 1858 wakamataji watumwa walimnasa kijana John Price karibu na Oberlin, wakampeleka mji wa Wellington ili wasafiri naye kwa reli. Watu wa Oberlin, weupe na weusi, waliwafuata wakamnyang'anya mikononi mwao. Serikali iliwashtaki watu 37, na wawili wakahukumiwa. Mmoja wao alikuwa Charles, ndugu yake Langston, aliyefungwa siku 20 na kutozwa dola 100. Jambo hilo lilimfundisha John ya kuwa kuna sheria isiyo na haki, na kwamba wakili hana budi kuipinga hadharani.

Kesi yake iliyovuma kuliko zote ilikuwa ya mwaka 1862. Mwanafunzi mmoja wa chuo, Edmonia Lewis, binti mwenye asili ya Kiafrika na ya kabila la Waojibwe, aliwapa wasichana wawili wa Kizungu mvinyo wa moto wenye viungo. Wale wasichana waliugua, na Edmonia akashtakiwa kuwatilia sumu. Kabla ya kesi kusikizwa watu wasiojulikana walimkamata usiku, wakampiga vibaya, wakamwacha uwanjani katika baridi. Mji ulifarakana. Watu wengine, weusi nao miongoni mwao, walimshauri Langston asishike kesi ile, lakini aliishika. Alipokwenda mbele ya mahakama hakulia wala hakutukana. Aliuliza jambo moja tu: sumu iko wapi? Hapana mtu aliyekuwa amepima yaliyotapikwa na wagonjwa. Hapana daktari aliyeweza kuthibitisha ya kuwa ilikuwako sumu. Na kama haikuthibitishwa kuwako, atahukumiwaje mtu kwa kuitia? Edmonia Lewis aliachiliwa, na marafiki zake wakamchukua mabegani. Baadaye alikwenda Roma, akawa mchongaji wa sanamu mwenye sifa katika nchi nyingi. Laiti angalikosa mtetezi, mikono ile ingalipotea gerezani.

Vita na baada ya vita

Vita vya Marekani vilipopamba moto na Serikali ikakubali kuwaandika watu weusi kuwa askari, Langston alizunguka mwaka wa 1863 akiwahimiza vijana waingie vikosi vya 54 na 55 vya Massachusetts, na kikosi cha Ohio pia. Mwezi wa Oktoba 1864 watu weusi wa majimbo mengi walikutana Syracuse, wakaanzisha chama cha kudai haki sawa, wakamchagua yeye kuwa mkuu wake. Utumwa ulipokomeshwa alitumwa na Serikali kuzunguka majimbo ya kusini akikagua shule za watu waliowekwa huru.

Mwezi wa Januari 1869 idara ya sheria ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, naye akawa mkuu wake wa kwanza. Wanafunzi wa kwanza walikuwa sita. Wengi walifanya kazi mchana, wakasoma jioni. Mtu aliyefukuziwa milangoni na shule mbili za sheria sasa alikuwa ameshika ufunguo wa shule yake, wala hakumfungia mtu mlango kwa sababu ya rangi wala kwa kuwa ni mwanamke. Kutoka idara hiyo alihitimu mwaka wa 1872 Charlotte Ray, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa wakili katika Marekani. Katika miaka hiyo Langston alimsaidia Seneta Charles Sumner kuandika sheria ya haki za raia, iliyopitishwa mwaka wa 1875. Lakini mwaka wa 1883 Mahakama Kuu iliitangua.

Alikuwa kaimu mkuu wa chuo kizima tangu mwaka wa 1873. Wadhamini walipokataa kumfanya mkuu kamili, alijiuzulu mwaka wa 1875.

Mwaka wa 1877 Rais Hayes alimtuma kuwa balozi katika Haiti, jamhuri ya watu weusi, akakaa huko mpaka mwaka wa 1885. Mshahara uliowekwa na sheria ulikuwa dola 7,500 kwa mwaka, lakini katika miaka ya mwisho Baraza Kuu lilitenga dola 5,000 tu. Wengine wangalinyamaza kwa kuogopa kuonekana wenye tamaa. Langston aliishtaki Serikali yake mwenyewe. Mwaka wa 1886 Mahakama Kuu iliamua ya kuwa kutenga fedha pungufu si kuifuta sheria, kwa hiyo alipwe fedha iliyosalia. Hukumu hiyo imetajwa mara nyingi na mawakili baada yake.

Uchaguzi wa mwaka 1888

Aliporudi kutoka Haiti aliitwa Petersburg, Virginia, kuwa mkuu wa chuo cha watu weusi. Hivyo alirudi katika jimbo alilozaliwa. Lakini watawala wa jimbo walikuwa wa chama kingine, naye akaiacha kazi hiyo mwaka wa 1887. Ndipo watu wa sehemu ya nne ya uchaguzi, ambako weusi walikuwa wengi kuliko weupe, walipomwomba agombee kiti katika Baraza la Wawakilishi.

Alipata adui pande zote. Chama cha Democratic kilimsimamisha Edward Venable. Na katika chama chake mwenyewe cha Republican, mkubwa wa chama katika Virginia, William Mahone, hakutaka mtu mweusi asiyemtii. Akamsimamisha mwingine ili kura zigawanyike. Hata Frederick Douglass aliandika barua ya kuwashauri watu wasimpigie kura. Twapaswa kusema kweli: Langston alikuwa mtu mwenye kujiona, mwepesi wa kuzitaja sifa zake, na kwa miaka mingi yeye na Douglass hawakupatana. Watu wakubwa nao wana udhaifu wao.

Siku ya uchaguzi ilipofika, mwezi wa Novemba 1888, watu weusi walitoka kwa wingi. Katika vituo vingine watu walipangwa mistari miwili, weupe mbali na weusi mbali, na mstari wa weusi ukacheleweshwa. Wengine walisimama saa nyingi, jua likatua hawajapiga kura. Kura zilipohesabiwa, ilitangazwa ya kuwa Venable ameshinda kwa kura 641. Langston hakukubali. Alikusanya ushahidi, kituo kwa kituo, akaupeleka mbele ya Baraza lenyewe, maana katika Marekani Baraza ndilo lenye kuamua nani amechaguliwa kwa haki.

Venable akaketi kitini, na Langston akangoja. Alingoja mwaka 1889 wote, akangoja na sehemu kubwa ya mwaka 1890. Mwezi wa Julai 1890 Baraza la Wawakilishi lilijadili mswada wa kuwalinda wapiga kura wa kusini kwa nguvu ya Serikali Kuu, na mtu ambaye angaliweza kueleza kwa ushahidi wake mwenyewe jinsi kura zinavyoibwa alikuwa bado nje ya mlango. Mswada ule ulipita katika Baraza hilo, ukafa katika Seneti mwezi wa Januari 1891.

Hata tarehe 23 Septemba 1890 shauri la Langston liliamuliwa. Wajumbe wa chama cha Democratic walitoka nje ili hesabu ya wajumbe isitimie, lakini waliosalia walipiga kura 151 dhidi ya moja, wakamtangaza kuwa ndiye mjumbe wa haki. Akaapishwa siku ile ile, mtu mweusi wa kwanza kuwakilisha Virginia katika Baraza Kuu. Alikuwa na umri wa karibu miaka 61.

Miezi mitano

Kipindi chake kilikuwa kimebaki miezi mitano na siku chache, na katika siku hizo hizo ilimpasa kurudi nyumbani kuomba kura tena. Novemba 1890 alishindwa na James Epes. Bado alikuwa na miezi ya mwisho, naye hakuketi bure. Alikuwa katika kamati ya elimu. Alitoa shauri la kuanzisha chuo kikuu cha taifa cha ufundi kwa ajili ya watu weusi. Alisimama akanena juu ya uchaguzi wa haki. Hakuna hata mswada wake mmoja uliokuwa sheria. Tarehe 3 Machi 1891 kipindi kilikwisha, akaondoka.

Hakugombea tena. Mwaka wa 1894 alitoa kitabu cha maisha yake, na tarehe 15 Novemba 1897 alifariki mjini Washington. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1902, Virginia iliandika katiba mpya iliyowanyima watu weusi wengi kura zao. Mtu mweusi wa pili kuwakilisha jimbo hilo katika Baraza Kuu, Bobby Scott, aliapishwa mwaka wa 1993, miaka zaidi ya mia moja baada ya Langston.

Tufikiri nini?

Mtu aweza kusema: kazi yote ile ilikuwa ya nini? Ushahidi wa vituo vyote, gharama, karibu miaka miwili ya kungoja, kwa ajili ya kiti cha miezi mitano na miswada isiyopita? Neno hili lina uzito, wala hatulidharau. Haki iliyochelewa ni haki iliyopunguka, na waliomchelewesha Langston walijua sana walifanyalo.

Lakini kama angalinyamaza, ingaliandikwa katika vitabu vya Serikali ya kuwa watu wa sehemu ile walimchagua Venable kwa kura zao. Wale waliosimama mstarini mpaka jua likatua wangaliambiwa ya kuwa hawakuwako. Kwa kuidai haki yake Langston aliwapa ushuhuda: Baraza Kuu lenyewe lilikiri ya kuwa walikuja, walichagua, na waliibiwa. Ushuhuda huo hata katiba ya mwaka 1902 haikuweza kuufuta. Na mtu aliyefuata mwaka wa 1993 alikuta mlango uliokwisha kufunguliwa mara moja.

Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo. Ndugu yake alidai mbele ya hakimu, naye mtoto akabaki katika nchi ya uhuru. Yeye mwenyewe alidai sumu ionyeshwe, na binti akaokoka. Alidai mshahara wake, akalipwa. Alidai kiti chake, akakipata, japo jioni. Nasi tukiwa na haki iliyo kweli, tuidai kwa ushahidi, kwa uvumilivu, bila uongo, wala tusiiache kwa sababu tu ya kuwa siku zimekwenda.